Nani kakwambia ugonjwa unapoa wenyewe?

Jirani yangu anafuga kuku wa mayai, kama mia tatu hivi, na kila ugonjwa ukimpitia bandani utamsikia anajifariji kwa maneno yaleyale: ukiingia mara ya kwanza unafagia, mara ya pili unapunguza, baadaye mnazoeana. Na si yeye tu. Wakati wa korona hayo maneno niliyasikia kwenye daladala, nikayasikia msibani, nikayasikia kwa watu wenye digrii zao kabisa, eti kirusi chenye akili hakimuui anayekibeba maana akifa na chenyewe kimekwisha, kwahiyo tulieni kitapoa. Hoja inapendeza kweli, ukiisikia kwa mzee aliyekaa kwenye mkeka unaweza kuondoka umeshiba. Shida ni kwamba kirusi hakina akili, hakikai kikao, hakipangi ya mwakani, na ukiichukua hiyo hoja ukaiweka kwenye kompyuta ukailazimisha itembee hatua kwa hatua inaanza kukudai vitu ambavyo mdomoni ulikuwa unavipita tu.

Mi si daktari, nieleweke. Najua kuandika programu kidogo na napenda kusoma haya mambo ya vimelea na wenyeji wao, yaani mdudu na yule anayeishi ndani yake, wanavyobadilishana vizazi na vizazi. Watu wengi wakisikia simulesheni, yaani kuigiza jambo kwenye kompyuta, wanafikiri ni ramli ya kisasa, unabonyeza inakwambia watakufa wangapi mwezi wa sita, na ikikosea basi wataalamu wote waongo. Kwangu thamani yake iko kwingine kabisa: inakutoa mafichoni. Kompyuta haielewi "kitapoa", inataka uiambie kitapoa kwa sababu gani, kwa kasi gani, na nani analipa.

Tuanze na sungura maana ndo mfano ambao kila mtu anautumia na karibu kila mtu anauacha katikati.

Mwaka 1859 mlowezi mmoja, Thomas Austin, aliachia sungura wachache kutoka Uingereza kwenye shamba lake jimbo la Victoria, Australia, apate kitu cha kuwinda. Chini ya miaka 100 baadaye wakawa mamia ya mamilioni, wanakula nyasi za kondoo mpaka ardhi inabaki uchi. Mwaka 1950 serikali ikaachia kirusi cha myxoma, kinabebwa na mbu, na mwanzoni kilikuwa kinaua zaidi ya sungura 99 katika kila 100 wanaokipata. Watu wakaogopa kwamba na wao kitawapata, maana kipindi hichohicho kulikuwa na ugonjwa wa ubongo unaua watu bonde la mto Murray, mpaka wanasayansi watatu, Frank Fenner, Macfarlane Burnet na Ian Clunies Ross, wakajidunga wenyewe kile kirusi kuonyesha kwamba binadamu hakimfanyi kitu. (Siku hizi kamati ya maadili ingewafukuza asubuhi na mapema.)

Huyu Fenner ndo aliyefanya kazi ya maana. Kila mwaka anakusanya virusi vya porini, anavipima ukali kwa kuwaambukiza sungura wa maabara ambao ni walewale wa siku zote, halafu anavipanga daraja la 1 mpaka la 5. Ndani ya miaka michache wale wakali wa daraja la 1 wakawa adimu, wakatawala wa daraja la 3. Hapo ndo msimuliaji anafunga kitabu anasema si umeona, kimepoa! Kimepoa vipi jamani? Daraja la 3 linaua sungura 70 mpaka 95 katika 100. Ukiwa na ugonjwa wa kuku unaoua 80 katika 100 hutamwambia mtu umepoa, utafunga banda ukalime matikiti.

Tena kuna nusu ya pili ambayo haisimuliwi kabisa. Sungura nao walikuwa wanabadilika. Waliwakamata sungura wachanga wa porini mwaka hadi mwaka wakawapa kirusi kilekile, na vifo vikashuka kutoka karibu 90 katika 100 hadi kama robo, ndani ya milipuko kama saba tu. Yaani wale dhaifu walikufa, walioacha watoto ni wenye damu ngumu. Na kirusi nacho hakikukaa kimya: utafiti uliotoka 2017 uliwachunguza virusi wa miaka ya 1990 ukakuta wakiingia kwa sungura wa maabara, ambaye hajapitia hiyo shule ya porini, wanaisambaratisha kinga yake anakufa kifo ambacho miaka ya 50 hakikuwepo. Kwahiyo porini ungeona sungura wanaumwa wanapona ukadhani kirusi kimekuwa mpole, kumbe kinazidi kunoa kisu na sungura anazidi kushona ngao.

Hilo la kipimo naomba ulishike. Ukitaka kujua mdudu amepoa lazima umpime kwa mwenyeji asiyebadilika. Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona, ilipotokea Novemba 2021 watu wakasema si mnaona, korona imekuwa mafua. Lakini iliwakuta watu wengi wameshaugua au wameshachanjwa, sungura wa porini wale, na Delta iliyokuja kabla yake ilikuwa kali kuliko waliotangulia, ingekuwa kupoa ni sheria basi Delta isingetokea. Ukifikiria pia, korona inasambaa zaidi siku za mwanzo kabla mtu hajazidiwa, akija kufa wiki ya tatu kirusi kimeshahama zamani. Kifo cha mgonjwa kinakipunguzia nini?

Hilo swali la "kinakipunguzia nini" ndo wataalamu wa hesabu za magonjwa Roy Anderson na Robert May walilikalia mwaka 1982, na data walizotumia ni hizihizi za Fenner. Wazo lao ukiliondoa herufi za Kigiriki ni la dukani kabisa: faida ya mdudu ni idadi ya watu wapya ambao mgonjwa mmoja anawaambukiza, na hiyo ni kasi ya kuambukiza ukizidisha na siku ambazo mgonjwa anabaki hai na bado anao. Sungura mwenye kirusi kikali anakufa mapema mno, mbu hawajapata nafasi. Mwenye kirusi kilaini anapona haraka na vidonda vyake vina virusi vichache, mbu akiuma anaondoka mdomo mkavu. Anayelipa ni wa katikati. Kupoa hakupo kwenye hesabu, ipo bei inayolipa sokoni, na soko likibadilika bei nayo inahama.

Basi mi nikakaa na laptopu yangu nikaandika programu ndogo kwa Python, lugha ya kuandikia programu, haifiki mistari mia. Sanduku la vyumba 100 kwa 100, kila chumba mtu mmoja, mdudu ana namba moja tu inayoitwa ukali, akimwambukiza mwingine hiyo namba inasogea kidogo juu au chini kwa bahati. Mara ya kwanza nikaandika kwamba ukali unaongeza vifo basi, hauhusiani na kuambukiza. Ukali ukashuka, ukashuka, mpaka sifuri, mdudu akawa mgeni mwema. Hiyo ni hoja ya jirani yangu, imethibitishwa! Mara ya pili nikasema kasi ya kuambukiza inapanda sawasawa na ukali, ukiongeza ukali mara mbili na kuambukiza mara mbili. Ukali ukapaa haukurudi. Mara ya tatu nikaweka kwamba kuambukiza kunapanda kwa kipeuo cha pili cha ukali, yaani mwanzoni unafaidi sana baadaye faida inapungua, na hapo ndo ukatulia katikati kama wale sungura. Mstari mmoja tu wa programu, dunia tatu. Kila anayekwambia ugonjwa utapoa ameshachagua mmoja kati ya hiyo mistari mitatu ila hajui kama amechagua.

Na humohumo kwenye mstari wa tatu kuna kitu kilinitoa usingizini. Ukipiga hesabu, ukali unaomlipa mdudu zaidi unakuwa sawa kabisa na kasi ambayo mgonjwa angemponyoka kwa njia nyingine, awe amepona au amekufa kwa sababu zake. Maana yake mwenyeji akiwa na maisha mafupi mdudu hana cha kuchunga. Sasa fikiria kuku wa nyama anayechinjwa wiki ya tano au ya sita. Ukiwa kirusi ndani ya kuku ambaye tarehe yake ya kuchinjwa iko kwenye daftari la mwenye banda, upole wa nini?

Halafu nikachezea umbali. Mpaka hapo sandukuni mgonjwa anamwambukiza jirani wa ukutani tu, na mdudu mkali anajimaliza mwenyewe, anaua mtaa wote anabaki kazungukwa na vyumba vitupu. Nikaruhusu maambukizi machache yaruke popote sandukuni, kama mtu anavyopanda basi usiku akashuka mkoa mwingine asubuhi. Ukali ukapanda. Nikaongeza mabasi, ukapanda tena. Nikajiona nimegundua kitu kumbe watafiti Michael Boots na Akira Sasaki walishakiandika mwaka 1999, ila raha ya kukiona kwa macho yako ukiwa na kikombe cha chai pembeni hainunuliki (umeme ulikatika mara mbili, tuachane na hilo). Kwahiyo barabara na mabasi na ndege haziusambazi ugonjwa tu, zinabadilisha na aina ya mdudu anayelipwa.

Sasa nirudi kwa kuku maana ndo walionipa hofu ya kweli. Ugonjwa wa Marek mfugaji anaujua: kuku anapooza mguu mmoja mbele mmoja nyuma, uvimbe tumboni, na kirusi kinatembea kwenye vumbi la manyoya. Chanjo ilianza mwaka 1970, vifaranga wanachanjwa wakitotolewa, na bila hiyo chanjo biashara ya mayai duniani isingekuwepo ilivyo. Ila chanjo hii ina tabia moja, inamkinga kuku asiumwe lakini haimzuii asiambukizwe wala asiambukize wenzake. Mwaka 2001 watafiti Sylvain Gandon, Margaret Mackinnon, Sean Nee na Andrew Read walitoa modeli kwenye karatasi, wakati huo ni hesabu tupu, wakasema chanjo ya namna hii inaondoa ile adhabu ya ukali: kirusi ambacho zamani kingemuua mwenyeji na kufa naye sasa kinabaki hai ndani ya aliyechanjwa, kinasambaa. Watu walikunja uso, na wengine nadhani walikuwa na haki maana ukisema hivyo hadharani wapinga chanjo wanakushangilia.

Mwaka 2015 Read na wenzake wakatoa majaribio ya kuku wenyewe. Kirusi kikali zaidi kikiingia kwa kuku asiyechanjwa anakufa ndani ya siku kama 10, kabla hajamwaga virusi vya maana. Kikiingia kwa aliyechanjwa anaishi, anatembea, anataga, na anamwaga virusi wiki kwa wiki, na mwenzie asiyechanjwa aliye banda moja anakufa. Modeli ya 2001 ilikuwa imeona hiyo njia kabla ya mtu kugusa kuku. Huwa nasema simulesheni si ramli lakini hii, mmh, ilikaribia.

Kabla mtu hajachukua aya hiyo akaitumia vibaya, modeli ileile ilisema na upande wa pili: chanjo inayozuia maambukizi yenyewe yasishike haipandishi ukali, inaweza hata kuushusha. Surua imechanjwa tangu miaka ya 60 na chanjo bado inafanya kazi vilevile. Na chanjo za malaria tulizonazo sasa, RTS,S na R21, zinampiga mdudu anapotoka tu kwa mbu kabla hajajificha kwenye ini, yaani ziko upande ule ambao hesabu haiuogopi sana. Lakini hata huko mdudu ana mlango: RTS,S ilitengenezwa kwa kufuata sura ya aina moja ya mdudu, na majaribio kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 yalionyesha kinga ya mwaka wa kwanza kama asilimia 50 dhidi ya wadudu wenye sura hiyo na kama 33 dhidi ya wengine. Tofauti kama hiyo ukiiingiza kwenye sanduku langu haikai bure, wale wengine wanaanza kuongezeka. Kwa kasi gani, hilo linategemea watoto wangapi wamechanjwa, ndo mambo ya kuyapiga hesabu mapema, kabla hayajatokea.

Ukimwi nao unaikataa ile "sheria" ya kupoa na kuikubali kwa wakati mmoja, inategemea umesimama wapi. Rakai, Uganda, walifuatilia watu tangu 1995 hadi 2012 na wakakuta kiwango cha virusi kwenye damu ya mtu ambaye hajaanza dawa kinashuka taratibu, sehemu kwa sababu aina D iliyo kali inazidiwa na aina A, na modeli waliyoijenga juu ya data hizo inaeleza hivyohivyo: mwenye virusi vingi sana anaambukiza zaidi lakini anakufa mapema, wa katikati anashinda. Jirani yangu angeshangilia hapo. Halafu mwaka 2022 Uholanzi wakatangaza aina waliyoikuta kwa watu 109, yenye virusi vingi zaidi kwenye damu na inayoila kinga ya mwili kwa kasi kama mara mbili ya kawaida (dawa zinaiweza, tushukuru). Kirusi kilekile, miaka ileile, njia mbili.

Mpaka hapa nimechezesha mdudu tu, mwenyeji kasimama kama nguzo. Ukiruhusu wote wawili wabadilike ndo kunachangamka. Mwenyeji wa aina fulani akiwa wengi, mdudu anayemuweza anafaidi, anaongezeka, anawapunguza, aina nyingine inapata nafasi, mdudu anaigeukia hiyo, na mnazunguka kama bembea isiyosimama. Mwanabiolojia William Hamilton pamoja na Robert Axelrod na Reiko Tanese walitoa simulesheni ya hivyo mwaka 1990, wakionyesha kwamba huenda ndo maana viumbe wanazaliana dume na jike, kuchanganya karata kila kizazi ili mdudu asiwakariri. Hamilton huyuhuyu, mtu aliyetumia miaka mingi kuwafikiria vimelea, Januari 2000 alienda Kongo kutafuta asili ya ukimwi, akarudi Uingereza na malaria, akalazwa, mwezi Machi akafariki.

Watu waliuliza hiyo bembea iko wapi duniani nje ya kompyuta. Jibu moja lilitoka kwenye tope la bwawa huko Ubelgiji, lililochapishwa 2007: viroboto maji, vijidudu vidogo vya bwawani, wanataga mayai yanayolala kwenye tope miaka mingi, na bakteria anayewashambulia naye analala humohumo, kwahiyo tabaka za tope ni kama daftari la mwaka hadi mwaka. Wakawaamsha wa kila tabaka wakawakutanisha. Bakteria akawaweza zaidi viroboto wa zama zake kuliko wa zamani au wa baadaye. Bembea ile, imeandikwa kwenye matope.

Na kwetu? Mwaka 1949 kijana aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alizunguka nchi akipima damu za watu, akakuta wanaobeba selimundu ni zaidi ya 20 katika 100 pwani na karibu na Ziwa Victoria, na chini ya 1 katika 100 kwenye nyanda za juu. Ramani ya selimundu ikalala juu ya ramani ya malaria, na 1954 akachapisha ushahidi kwamba kubeba nusu ya selimundu, yaani jeni yake ya mzazi mmoja tu, kunamkinga mtoto na malaria. Hapo tukafundishwa shuleni habari ikaisha, binadamu kajibadilisha kamshinda mdudu. Sasa 2022 ukatoka utafiti wa watoto wa Gambia na Kenya, wakiwemo wa Kilifi, uliosoma damu ya mtoto na jeni za mdudu wake kwa pamoja. Wakakuta kuna wadudu wa malaria wenye mabadiliko matatu hivi kwenye jeni zao, na kwa wadudu hao ile kinga ya selimundu, ambayo kwa kawaida inazuia zaidi ya 90 katika 100 ya malaria kali, karibu haifanyi kazi. Mdudu amejibu. Labda alijibu zamani sana, sisi ndo tumechelewa kusoma.

Nilivyosoma hivyo nikafungua laptopu nikajaribu kuwaweka hao wadudu sandukuni. Swali langu lilikuwa kwanini hawajajaa kote, maana wako kiasi tu. Nikaweka watu wa aina mbili kwa uwiano usiobadilika, wenye selimundu na wasio nayo, nikampa mdudu mjanja hasara kidogo akiingia kwa mtu wa kawaida. Akajaa kote au akapotea kabisa, kila nikibadilisha namba ni moja kati ya hayo mawili, katikati hakai. Nikahangaika siku mbili nikidhani nimekosea kuandika. Mwishowe nikaligawa sanduku, upande mmoja selimundu ni wengi, upande wa pili ni adimu, nikaweka basi la usiku katikati, na hapo wadudu wote wawili wakabaki, kila mmoja ana nyumbani kwake na kila siku wachache wanasafiri. Ramani ya Allison tena! Sasa ile hasara niliyompa mdudu, asilimia mbili, niliitoa kichwani mwangu tu, na hiyo hata niendeshe programu mpaka laptopu iungue haitaniambia, inabidi mtu aende kutoboa vidole vya watoto pwani na bara, akasome jeni za wadudu mmoja mmoja.